Binti yangu mkimbiaji katetea wenzake shuleni, kavuliwa uongozi. Nimnyamazishe?

Mama wa Uyole, Mbeya

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naandika usiku baba watoto akiwa amelala, kwa sababu mchana tukiligusa jambo hili tunaishia kununiana.

Nina binti wa miaka 18, yuko kidato cha tano, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), shule ya bweni ya wasichana mkoani Iringa. Anakimbia. Shule ya msingi alichaguliwa UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, sekondari kaenda UMISSETA, ya sekondari, mara mbili kwa mita 1500 na 3000. Mwezi wa pili wenzake walimchagua kuwa dada mkuu. Mimi nauza mchele na maharage Mwanjelwa, shule niliishia la saba. Siku aliponipigia kwa simu ya matroni kunipa habari ile nilifunga meza saa tisa nikaenda nyumbani, nikashindwa hata kupika.

Sasa mambo yamegeuka. Pampu ya maji ya shule iliharibika mwezi wa tatu. Wasichana wakawa wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota bondeni, gizani, na baridi ya huko mnaijua. Mtoto wa kidato cha kwanza akateleza na ndoo, akavunjika mkono. Binti yangu alishamwambia matroni mara mbili, akajibiwa kwamba pampu inashughulikiwa. Jumatatu moja mwezi wa nne, mstarini, mkuu wa shule alipomaliza matangazo, yeye akatoka mbele akasema hawaingii darasani mpaka waambiwe maji yanarudi lini. Wasichana wote wakakaa chini. Walikaa mpaka saa nne.

Kavuliwa udada mkuu, kasimamishwa siku 14, na kaondolewa kwenye timu ya riadha wakati mchujo wa mkoa umebaki wiki tatu. Jumatatu ijayo anatakiwa arudi na mzazi, na barua ya kuomba msamaha mkononi.

Baba yake anasema mtoto aliyepelekwa kusoma asome, akimbie kama anataka, mengine awaachie wenye shule yao. Mimi nimegawanyika. Naogopa wasimfukuze. Lakini kila alfajiri namsikia anafungua mlango, anakimbia barabara ya Tukuyu mpaka Igawilo na kurudi, akifika anaoga maji ya baridi na kukaa kimya. Huo ukimya wake unanitisha kuliko hiyo barua.

Kuna yeyote hapa aliyekuwa mwanamichezo shuleni, akawa na tabia kama hii ya kutetea watu, na maisha yakamwendeaje? Nijibuni ukweli, hata kama utaniumiza.

Mkulima wa Ilula

Mama, pole. Mimi nalima nyanya Ilula, nina wasichana wawili, naongea kama baba mwenzake mzee wako. Kaka yangu alifukuzwa kidato cha tatu kwa mgomo wa chakula. Waliokuwa nyuma yake mstarini siku ile leo wana vyeti na kazi, yeye yuko shambani na mimi. Chakula walichogomea kilibadilika muhula uliofuata, na yeye hakuwepo kukila. Kila Krismasi wenzake wakija kijijini na magari yao wanampigia saluti, halafu wanaondoka.

Peleka mtoto, apige magoti, aombe msamaha, amalize kidato cha sita. Muda uliobaki si mrefu. Akishakuwa na cheti chake aseme anachotaka.

Shangazi wa Makete

Kamwene dada. Baridi ya alfajiri ya Iringa naijua kwa nyayo zangu. Nimesoma huko 1987 hadi 1990, bweni, na nilikuwa mkimbiaji kama binti yako: mita 800, 1500, na kwenye kijiti cha mita 400 mara nne nilikuwa napokea wa tatu. Mimi ni mtu wa Makete. Enzi hizo sisi wote wa upande wa Njombe tulikuwa bado mkoa wa Iringa, mkoa wetu ulikuja kuzaliwa 2012, hivyo jezi niliyoivaa ilikuwa ya Iringa. Mpaka leo Iringa ikitajwa redioni kwenye michezo nageuka kama nimeitwa jina.

Nianze na kosa langu kwa sababu ni ndugu wa kosa la binti yako. Mwaka 1989 tuliwekwa kambini wiki mbili kabla ya mashindano. Ilikuwa Juni. Wavulana walipewa mablanketi, sisi tukaambiwa yameisha, tutumie khanga. Wenzangu wawili wakaanza kukohoa. Mimi nilikuwa nahodha wa wasichana. Siku alipokuja mgeni kutoka ofisini kuangalia kambi, nikasimama bwaloni, sahani mkononi, nikasema kwa sauti kwamba wasichana wa kambi ile wanalazwa kama mbuzi. Bwalo zima likashangilia. Jioni ileile nikapandishwa lori la mbao, nikarudishwa shuleni. Mablanketi hayakuja. Wenzangu walikimbia vifua vikiwa vimebana, na nafasi yangu kwenye kijiti akapewa mtu wa akiba.

Nililia sana, sikufichi. Kilichonitoa pale ni mwalimu wetu wa michezo. Alikuwa hana vifaa, ana saa ya mkononi tu yenye mshale wa sekunde, na uwanja wetu aliupima kwa kamba. Lakini huyu mzee alikuwa hataki kabisa kusikia mtu akisema "leo nimekimbia vizuri". Anakuuliza: dakika ngapi, sekunde ngapi, upepo ulitoka wapi, jana ulilala saa ngapi, ulikula nini. Kila mmoja wetu alikuwa na daftari la kuandika hayo kila siku ya mazoezi. Nilipokwenda kumlilia hakunipa pole. Aliniuliza: "Ulipokuwa unasimama bwaloni, daftari lako lilikuwa limeandikwa nini? Mmelala usiku mangapi bila blanketi? Wasichana wangapi? Mablanketi mangapi yaliingia kambini, yamegawiwa kwa nani?" Sikujua hata moja. Akasema, "Basi umekimbia bila saa."

Dada, hayo maneno nimeishi nayo miaka thelathini na zaidi.

Mwaka uliofuata nilirudishwa timuni, nikawa wa pili mkoa mita 1500 kwa dakika 5 na sekunde 2. Sikwenda mbali zaidi kwa mbio. Nikasoma ualimu, 1993 nikapangiwa shule ya msingi nyumbani Makete.

Watu wa rika letu hapa Nyanda za Juu hawahitaji kuelezwa Makete ya miaka ile. Ugonjwa, yaani UKIMWI, ulikuwa unaingia nyumba unatoka na baba, unarudi kumchukua mama, wanabaki watoto na bibi. Darasani kwangu nilikuwa na mtoto wa darasa la tano ambaye ndiye mkuu wa kaya, anafika saa nne kwa sababu amepika kwanza na kuwaogesha wadogo zake wawili. Kwenye kijiti chetu tulikuwa wasichana wanne. Kufikia 2001 tulikuwa tumebaki wawili. Yule niliyekuwa nampa kijiti, ambaye mkono wake naweza kuuona hata sasa nikifumba macho, ulivyokuwa unanyooka nyuma bila kugeuka, nilimzika mimi. Kaacha mtoto wa miaka minne. Yule mtoto nimemlea.

Tangu hapo nikaanza kuzunguka. Sikuwa na cheo chochote, nilikuwa mwalimu wa kawaida mwenye miguu mizuri. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini, 2004 kuja 2005, shida ya kwetu ikawa njia. Mtu aliyelala miezi mitatu kitandani afikeje Ikonda hospitali, milima ile, barabara ya vumbi, na wengi walikuwa wanajificha wasionekane wanakwenda? Nikawa nawasindikiza Jumamosi, kwa miguu. Waliokutana na mimi njiani walizoea kuniona na daftari, kwa sababu niliandika kama nilivyofundishwa. Kutoka kitongoji chetu mimi peke yangu natembea saa 2 na dakika 40. Na mgonjwa, saa 5 na zaidi, na wawili nilikesha nao njiani. Niliandika mwezi huu orodha ina watu wangapi, waliofika kliniki wangapi, walioshindwa kwa sababu ya kutembea wangapi.

Miezi saba baadaye nikaomba nafasi kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Nilipewa dakika chache mwishoni, watu wanatazama saa, mvua inakuja. Sikulia wala kulaumu mtu. Nilisoma daftari. Watu 31 kwenye orodha, waliofika kliniki kila mwezi bila kukosa 12. Nikasoma muda wa kutembea. Nikasema naomba muuguzi aje zahanati yetu mara moja kwa mwezi na dawa. Mtendaji akaomba daftari aliangalie, akalipitisha kwa mwenyekiti, likazunguka meza nzima. Ilichukua mikutano mingine mitatu, lakini muuguzi alikuja. Siku ya kwanza alipofungua lile sanduku la dawa kwenye benchi la zahanati nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo, kwa sababu nilikuwa namfikiria yule mwenzangu wa kijiti. Alikufa dawa hazijafika.

Kazi hiyo haijaisha. Njombe bado tunaongoza nchi nzima. Ule utafiti wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima mkoani kwetu wanaishi na virusi, wakati taifa zima ilikuwa karibu asilimia 5. Tofauti ni kwamba sasa watu wanaishi, wanalima viazi, wanasomesha.

2010 wanawake wa kata yetu walinishika mkono nikaingia baraza la madiwani kwa viti maalum. Nimekaa vipindi viwili, mpaka 2020. Sitakueleza yote ya baraza, mengine ni vikao vya kusinzia. Ila nikutajie mambo mawili kwa sababu yanamhusu binti yako. La kwanza, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotakiwa kwenda kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sheria iliibana 2018, lakini kabla ya hapo ilikuwa ikitajwa sana na kutolewa kidogo. Kila robo mwaka nilisimama na swali lilelile: zilikusanywa ngapi, kumi yake ni ngapi, zimetoka ngapi. Walinichoka. Mwenyekiti mmoja alifika mahali akiniona nanyoosha mkono anasema "haya, mama namba". Nilivumilia. Vikundi vya wanawake vya kata yangu vinavyouza matofaa vilipata mkopo wao.

La pili ni wasichana. Nilikuwa naandika kila msichana aliyeacha sekondari ya kata, jina, mwaka, na sababu. Wengi ni mimba, na wengi wa hao ni kwa sababu ya kutembea kilomita nyingi kwenda shule. Kwa orodha ile tulipata nguvu ya kujenga hosteli kwa michango na fedha za halmashauri, vitanda 48. Na Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni, mimi nilikuwa nimeshatoka udiwani mwaka mzima. Nilitoa daftari kabatini. Kulikuwa na majina 9 ambayo umri bado unaruhusu. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Wawili walirudi. Mmoja sasa yuko chuo cha uuguzi.

Sasa nirudi kwa binti yako. Ndugu yangu wa Ilula hajakosea kuhusu cheti. Mimi bila cheti cha ualimu nisingekuwa na mshahara wa kunifanya nizunguke milima. Lakini ukimnyamazisha mtoto aliyepiga hatua mbele kwa ajili ya mkono wa mtoto wa mwenzake uliovunjika, unachozima ni kikubwa kuliko mgomo. Alianza kwa matroni, mara mbili. Hapo alinishinda mimi, mimi nilianzia bwaloni. Kilichokosekana ni saa. Mwulize: maji hayakutoka siku ngapi? Wasichana wangapi walikosa kipindi cha kwanza? Bondeni ni mwendo wa dakika ngapi kwenda na kurudi na ndoo?

Na barua aandike yeye, usimwandikie. Aombe msamaha kwa alichokosea kweli, yaani kusimama mstarini kumkatiza mkuu wa shule mbele ya wanafunzi, na vipindi vilivyopotea. Asiombe msamaha kwa maji. Akiomba msamaha kwa maji atakuwa amesema uongo, na uongo wa karatasi huo unakaa kwenye faili.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu

Ndaga mama diwani. Nimefundisha michezo na historia miaka 34, na nimekuwa nikimsubiri mtu aliandike hilo la saa.

Mama wa Uyole, uliuliza wanamichezo waliotetea watu waliishia wapi. Wakubwa wa hapa wanamkumbuka Filbert Bayi. Februari 1974 kule Christchurch aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 sekunde 32.2, akiongoza toka mlio wa bunduki mpaka mwisho, na John Walker wa New Zealand anamfukuza. Mei 1975 akachukua na rekodi ya maili. Dunia nzima ikasubiri wakutane tena Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikasusia, na Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 sekunde 39, mwendo ambao Bayi angeumudu. Nilikuwa kijana, nilikasirika mno. Baadaye nilipowafundisha wanafunzi wangu ukombozi wa kusini mwa Afrika ndipo nilipoelewa kwamba yule mtu alilipa kwa miguu yake sehemu ya deni letu sote. 1980 Moscow akapata fedha ya kuruka viunzi na maji, mita 3000, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000. Hizo mbili ndizo medali za Olimpiki tulizonazo mpaka ninavyoandika. Bayi akaja kuanzisha shule na kuitumikia Kamati ya Olimpiki kama katibu mkuu. Nyambui, aliyekuwa mwanafunzi na mkimbiaji wa chuo kikuu huko El Paso, Texas, naye akarudi kuongoza riadha ya nchi.

Lakini anayenikumbusha binti yako ni mzungu mmoja ambaye wengi hawamjui, Philip Noel-Baker. Alikuwa mwanafunzi wa Cambridge, rais wa chama cha riadha cha chuo na pia rais wa chama cha mijadala, yaani mbio na mdomo pamoja, kama huyo wako. Fainali ya mita 1500 Olimpiki ya Stockholm 1912 alikimbia ili kumsaidia mwenzake Arnold Jackson. Jackson akashinda, yeye akawa wa sita. Vita ilipokuja 1914, kwa imani ya dini yake hakushika bunduki, akaanzisha kikosi cha magari ya kubeba majeruhi. Antwerp 1920, akiwa na miaka 30, akapata fedha ya mita 1500. Halafu akaingia bungeni, na maisha yake yaliyobaki yakaenda kwenye kupigania nchi zipunguze silaha. 1959 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuna mwingine mwenye medali ya Olimpiki aliyewahi kuipata. Na alikuwa mtu wa takwimu: alihesabu bunduki, meli na mabomu ya mataifa. Mama diwani, mwalimu wako wa michezo angempenda.

Jambo la mwisho, la vitendo. Kuondolewa timu ya shule kunauma lakini miguu ni yake. Mbeya kwenyewe kuna Tulia Marathon, ina na umbali mfupi, anaweza kujiandikisha mwenyewe. Asiache mazoezi hizi siku 14. Na Igawilo na kurudi kila siku kwa mwendo mmoja hakumjengi: siku mbili kwa wiki apande vilima, siku moja apumzike kabisa.

Mkulima wa Ilula

Nimesoma yote. Bado nasema cheti kwanza. Ila mama diwani, hilo la kutoomba msamaha kwa maji nimelisoma kwa sauti mbele ya kaka yangu jioni hii. Ameomba nikutumie salamu. Anasema 1994 hakuna hata mmoja aliyewauliza siku ngapi walikula maharage yenye wadudu. Angeweza kuwatajia.

Mama wa Uyole, Mbeya

Nimechelewa kurudi, nisameheni, mchele uliingia sokoni nikawa sina nafasi. Asanteni sana. Mama diwani, sijui nikushukuruje. Mwalimu, shikamoo.

Jana jioni nilimkalisha binti nikamwuliza yale maswali. Maji hayakutoka siku ngapi? Akanyamaza kidogo, akaenda chumbani, akarudi na daftari lake la mazoezi. Mwalimu wao naye huwaandikisha, nilikuwa sijui. Akaanza kufungua kurasa. Tarehe 11 Machi: sikukimbia, foleni ya bondeni saa 10 hadi saa 12:20. Tarehe 12: sikukimbia, maji. Tarehe 14: nimekimbia km 6, nimechoka, nilibeba ndoo mbili za wadogo. Tarehe 18: sikukimbia, nimempeleka mtoto wa kidato cha kwanza zahanati, mkono.

Alikuwa anaandika kwa nini amekosa mazoezi, mama diwani. Hakujua kama anaandika habari za maji. Tulihesabu wote wawili mezani. Machi na Aprili, siku 23 hakukimbia kwa sababu ya kuchota maji, na kila siku saa imeandikwa.

Barua ameianza mwenyewe. Ukurasa wa kwanza msamaha wa kumkatiza mkuu wa shule na wa vipindi vilivyopotea, umeandikwa kwa heshima. Ukurasa wa pili jedwali: tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Chini yake anaomba pampu itengenezwe kabla ya mitihani, na anaomba wanafunzi waambiwe siku. Hakuomba kurudishiwa udada mkuu. Nilimwuliza kwa nini, akasema hilo waamue wenzake.

Baba yake alikuta daftari limebaki mezani. Alikaa nalo mpaka umeme ukakatika, akawasha tochi ya simu akaendelea. Hakusema kitu. Leo asubuhi ananiuliza basi la kwanza la Iringa linatoka Nane Nane saa ngapi, na kwamba tukate tiketi tatu.